Ali bin al-Hasan wa Kilwa

Ali bin al-Hasan (huandikwa pia Ali ibn al-Hassan, lakabu yake ni Nguo Nyingi) alikuwa mtawala wa Kilwa Kisiwani, katika Tanzania ya leo. Tarikh za kale zinamhesabu kuwa sultani wa kwanza wa ukoo wa Washirazi wa Kilwa. Wataalamu wengi wa leo wanaweka maisha yake katika karne ya 11 BK, ingawa makadirio ya zamani yalitofautiana kuanzia karne ya 9 hadi mwaka 1200 hivi.

Jina lake limehifadhiwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni masimulizi ya kuanzishwa kwa dola la Kilwa, yaliyoandikwa miaka mia kadhaa baada ya kufa kwake. Ya pili ni sarafu ndogo za shaba na za fedha zenye jina lake, ambazo zimeokotwa au kuchimbuliwa katika pwani ya Tanzania na visiwa vyake. Sarafu hizo hazina mwaka wala jina la mji zilikopigwa. Kwa sababu hiyo, kazi ya kutambua aina zake, maandishi yake na mihuri iliyotumika kuzipiga imekuwa njia kuu ya kujua Ali aliishi lini, na hivyo pia ya kujua lini miji ya Waswahili ilianza kuwa na watawala waliotoa fedha yao wenyewe.

## Vyanzo vya maisha yake

Habari za Ali zinatoka katika matoleo mawili ya tarikh ya Kilwa.

Toleo la kwanza ni la Kiarabu, linaloitwa Kitab al-Sulwa. Lilitungwa Kilwa mwanzoni mwa karne ya 16, wakati mji ulipokuwa umekwisha kutikiswa na Wareno. Nakala inayotumiwa na wataalamu ilinakiliwa Zanzibar mwaka 1877, ikafika London kwa mkono wa balozi John Kirk. Mwaka 1895 S. Arthur Strong aliichapisha kwa mara ya kwanza.

Toleo la pili limo katika kitabu cha mwanahistoria Mreno João de Barros, Décadas da Ásia, kilichoanza kutoka mwaka 1552. Barros hakufika Kilwa, lakini alitumia tarikh ya wafalme wa Kilwa iliyowafikia Wareno baada ya kuuteka mji huo mwaka 1505.

Matoleo haya yanakubaliana katika mambo makuu: kwamba mwanzilishi wa ukoo alikuwa Ali, kwamba alikuja kwa bahari kutoka upande wa Uajemi (leo Iran), na kwamba alikipata kisiwa kwa kukinunua kwa nguo. Yanatofautiana kuhusu wazazi wake, safari yake na wakati wake.

Hata jina la baba lina utata. Toleo la Kiarabu linaandika al-Husain, na Barros anaandika Hocen, bali sarafu zinaandika al-Hasan. Katika mwandiko wa Kiarabu majina Hasan na Husain yanatofautiana kwa herufi moja tu, yaani ya, na mnakili anaweza kuikosea kwa urahisi. Kwa kuwa sarafu zilipigwa wakati mtawala mwenyewe yu hai, wataalamu wengi wanafuata jina la sarafu.

## Asili na safari

Kadiri ya tarikh ya Kiarabu, watu waliodai kutoka Shiraz walikuja pwani ya Afrika ya Mashariki kwa majahazi saba. Kila jahazi lilitia nanga mahali pake: mojawapo Mombasa, jingine Kisiwa cha Kijani (yaani Pemba), jingine Kilwa, na la mwisho Nzwani katika visiwa vya Komoro. Inasemekana manahodha wa majahazi sita walikuwa ndugu, na yule aliyefika Nzwani alikuwa baba yao.

Barros anatoa habari za ndani zaidi kuhusu familia hiyo. Kwake yeye, Ali alikuwa mmoja wa wana saba wa sultani wa Shiraz. Ndugu zake walizaliwa na mama wa ukoo bora wa Kiajemi, lakini mama yake Ali alikuwa mtumwa kutoka Uhabeshi. Baba yao alipofariki, ndugu zake walimdharau kwa ajili ya asili ya mama yake. Ali akaamua kutafuta makao mahali pengine. Alikuwa amesikia kwamba pwani ya Zanguebar ina dhahabu, akasafiri kutoka bandari ya Hormuz pamoja na familia yake na wafuasi wake.

Alipita Mogadishu na Barawa, lakini hakukaa. Miji hiyo ilikuwa na wenyewe, Waarabu wa madhehebu tofauti na yake, naye alitaka mji ambao angekuwa mtawala wake, si mgeni wa watu. Akaendelea kusini hadi Kilwa.

Habari ya mama Mwafrika inastahili kuangaliwa. Kama ni kweli kihistoria au la, inaonyesha kwamba watu wa Kilwa wa karne ya 16, waliosimulia tarikh hiyo, walimhesabu mwanzilishi wao kuwa mtu mwenye asili ya pande mbili za bahari.

## Ununuzi wa Kilwa

Wageni walipofika Kilwa hawakukuta kisiwa kitupu. Tarikh ya Kiarabu inaeleza kwamba walimkuta Mwislamu aliyeitwa Muriri wa Bari pamoja na watu wake, na kwamba palikuwa na msikiti uliojulikana kwa jina la Kibala. Mwenye kisiwa alikuwa mfalme asiye Mwislamu kutoka Muli, upande wa bara, ambaye wakati huo alikuwa amekwenda huko kuwinda.

Mfalme aliporudi, alivuka kwa miguu wakati wa maji kupwa, kwa kuwa siku hizo kisiwa kilifikika kutoka bara bahari ikipwa. Muriri akawa mkalimani kati yake na mgeni. Mgeni aliomba kuuziwa kisiwa. Mfalme alikubali kwa sharti moja: kisiwa chote kizungushiwe nguo. Mgeni akatandaza nguo nyeupe, nyeusi na za rangi nyingine mpaka zikazunguka kisiwa. Mfalme alizichukua zote, akakabidhi kisiwa, akarudi Muli.

Hata hivyo moyoni alikuwa amenuia kurudi na askari, awaue wageni na kutwaa mali yao. Muriri alilitambua jambo hilo akawaonya. Basi wakachimba mkondo mahali palipokuwa pakivukwa kwa miguu, maji yakajaa na hayakupwa tena. Mfalme aliporudi alisimama ng'ambo akingoja maji yapwe kama kawaida. Alingoja bure, akarudi kwao kwa majuto.

Kutokana na masimulizi hayo Ali alipata lakabu yake ya Nguo Nyingi. Wanahistoria hawayachukui kama taarifa ya mambo yalivyotokea siku kwa siku. Yanafanana na hadithi nyingine za pwani zinazoeleza jinsi wageni walivyopata ardhi kwa wenyeji kwa kubadilishana vitu vya thamani. Lakini yana kumbukumbu mbili zinazoafikiana na akiolojia. Kwanza, kijiji kilikuwepo Kilwa tangu mwaka 800 hivi, kabla ya ukoo wowote wa Washirazi. Pili, nguo zilikuwa bidhaa kuu ya kubadilishana, na mwenye nguo alikuwa na uwezo wa kupata washirika, ardhi na cheo.

## Utawala

Tarikh hazielezi mengi kuhusu utawala wa Ali wenyewe. Barros anaeleza kwamba alijenga ngome ili kujilinda dhidi ya watu wa bara na dhidi ya majirani wa visiwani. Vyanzo vyote viwili vinaunganisha utawala wake na visiwa vya Mafia, ambako mwanawe alipelekwa kutawala. Tarikh ya Kiarabu inamtaja mwana aliyeitwa Muhammad, mwenye lakabu ya Mkoma Watu. Baadaye katika orodha ya watawala anatokea Ali bin Bashat, wa ukoo huohuo.

Uhusiano wa Kilwa na Mafia unathibitishwa na sarafu. Katika magofu ya Kisimani, upande wa magharibi wa kisiwa kikuu cha Mafia, zimepatikana sarafu nyingi za aina ya Kilwa, zikiwemo zenye jina la Ali bin al-Hasan.

Kilwa ya wakati wake haikuwa bado mji mkubwa ulioelezwa na Ibn Battuta aliyefika mwaka 1331. Jumba la Husuni Kubwa lilijengwa katika karne ya 14 na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, wa ukoo mwingine uitwao Mahdali. Utajiri mkubwa wa dhahabu ya Sofala ulikuja pia baadaye. Ali anahusishwa na mwanzo wa dola: bandari iliyokuwa na msikiti, biashara ya bahari na bara, na mtawala aliyedai haki ya kuandika jina lake juu ya fedha.

## Sarafu zake

Sarafu za shaba zenye jina la Ali bin al-Hasan ni kati ya zile zinazopatikana kwa wingi zaidi pwani ya kusini. Ni ndogo, nyembamba, na mara nyingi zimeliwa na kutu ya kijani. Uzito wake hutofautiana sana, na inaelekea zilipokewa kwa kuhesabiwa, si kwa kupimwa.

Muundo wake ni rahisi. Upande mmoja una jina la mtawala na la baba yake. Upande wa pili una maneno ya Kiarabu yanayosema kwamba mtawala huyo anamtumainia Mwenyezi Mungu, Bwana wa neema. Pande mbili zikisomwa pamoja zinafanya sentensi moja yenye vina: maneno ya upande wa pili yamechaguliwa ili mwisho wake ulingane kwa sauti na jina al-Hasan. Watawala waliofuata Kilwa waliendeleza desturi hiyo, kila mmoja akitafutiwa sifa ya Mungu inayolingana kwa vina na jina la baba yake. Desturi hiyo ya vina ndiyo alama inayozitambulisha mara moja sarafu za Kilwa kati ya sarafu za nchi nyingine za Kiislamu.

Sarafu nyingi za nchi za Kiislamu za wakati huo zilitaja mwaka wa Hijra na mji zilikopigwa. Za Kilwa hazitaji lolote kati ya hayo. Hapo ndipo ugumu wa kumpa Ali tarehe ulipoanzia.

Sarafu za shaba za Ali hazikuondoka sokoni alipokufa. Zimepatikana pamoja na sarafu za watawala wa karne ya 14, na pia Songo Mnara, mji uliostawi mwishoni mwa karne ya 14 na katika karne ya 15. Yaani watu waliendelea kuzitumia vizazi vingi. Kwa hiyo sarafu ya Ali ikipatikana katika tabaka fulani la udongo, inathibitisha tu kwamba tabaka hilo si la kabla yake. Haithibitishi kwamba tabaka ni la wakati wake.

## Jinsi mihuri inavyotambuliwa

Sarafu za zamani zilipigwa kwa mkono. Fundi alichonga mihuri miwili, mmoja kwa kila upande, maandishi yakichongwa kinyume ili yatokee sawa. Muhuri wa chini uliwekwa imara, kipande cha chuma laini kama fedha au shaba kikawekwa juu yake, kisha muhuri wa juu ukawekwa na kupigwa kwa nyundo.

Kwa kuwa kila muhuri ulichongwa kwa mkono, hakuna miwili inayofanana kabisa. Katika mmoja herufi ha imeinama, katika mwingine nukta imekaa mbali zaidi na mstari, katika wa tatu mkia wa nun umekatika. Sarafu zote zilizotoka katika muhuri mmoja zina dosari zilezile. Mtafiti huziweka sarafu pembeni kwa pembeni, huzipiga picha kwa ukubwa uleule, kisha hulinganisha nafasi ya kila herufi kuhusiana na herufi za jirani, kwani nafasi hiyo haibadiliki hata sarafu ikichakaa.

Mambo manne yanaweza kujulikana kwa njia hiyo:

1. Mfuatano. Muhuri hupata ufa kadiri unavyotumika. Sarafu yenye ufa mdogo ilipigwa kabla ya ile yenye ufa mkubwa.
2. Uhusiano. Muhuri mmoja ukivunjika, ule wa upande wa pili uliendelea kutumika na mwenzake mpya. Sarafu mbili zenye upande mmoja uleule na upande mwingine tofauti zinaonyesha kwamba zilitoka katika karakana moja na kwa wakati ulio karibu.
3. Wingi. Idadi ya mihuri inayotambuliwa inasaidia kukadiria kama mtawala alipiga sarafu chache za heshima au nyingi za matumizi ya soko.
4. Uhalisi. Sarafu za bandia za siku hizi mara nyingi hutoka katika kalibu moja, kwa hiyo zote hurudia mikwaruzo ileile.

Njia hii inatumika duniani kote. Huko Marekani, kwa mfano, wakusanyaji wa sarafu hutambua aina mbalimbali za nusu dola za fedha zilizopigwa kati ya 1794 na 1836 kwa kulinganisha nafasi ya nyota, tarakimu na herufi, kwa sababu mihuri ya wakati huo nayo ilikamilishwa kwa mkono. Tofauti ni kwamba nusu dola ya Marekani ina mwaka wake, na muhuri huongeza tu undani wa habari. Kwa sarafu ya pwani ya Waswahili isiyo na mwaka, sura ya maandishi, muhuri na mahali ilipookotwa ndiyo ushahidi wenyewe.

## Mjadala kuhusu wakati wake

Tarikh ya Kiarabu inaweka kufika kwa Washirazi katikati ya karne ya tatu ya Hijra, yaani karibu na mwaka 864 BK. Barros anasema ilikuwa zaidi kidogo ya miaka 400 baada ya Hijra, yaani mwanzoni mwa karne ya 11 BK.

John Walker wa British Museum aliandika mwaka 1936 makala kubwa ya kwanza kuhusu historia na sarafu za masultani wa Kilwa, akaongeza nyingine mwaka 1939. Alizilinganisha sarafu na orodha ya watawala katika tarikh, na tangu hapo jina la Ali likawa na kitu cha kushikika mkononi.

G. S. P. Freeman-Grenville aliendeleza kazi hiyo kuanzia miaka ya 1950 alipokuwa Tanganyika. Alikusanya habari za sarafu zilizopatikana pwani nzima. Katika kitabu chake cha mwaka 1962 kuhusu historia ya pwani ya Tanganyika alihesabu miaka ya watawala kwa kurudi nyuma, akapendekeza kwamba Ali alianza kutawala mwaka 957 hivi.

Neville Chittick, aliyechimba magofu ya Kilwa kati ya 1958 na 1965, alipinga. Katika uchimbaji wake sarafu za Ali zilianza kutokea katika matabaka aliyoyapa tarehe ya mwishoni mwa karne ya 12 na baadaye. Aliamua kwamba ukoo wa Washirazi ulianza Kilwa karibu na mwaka 1200, na kwamba Washirazi hao hawakuja moja kwa moja kutoka Uajemi bali walishuka kutoka pwani ya kaskazini, pande za Somalia na Lamu, walikokuwa wamekaa kwa muda. Maoni yake yalitawala kwa miaka ishirini hivi, na yamo katika vitabu vingi vya shule vya zamani.

## Hazina ya Mtambwe Mkuu

Mambo yalibadilika mwaka 1984. Huko Mtambwe Mkuu, kisiwa kidogo cha pwani ya magharibi ya Pemba, ilipatikana hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, pamoja na dinari chache za dhahabu. Matokeo yalitolewa mwaka 1986 na Mark Horton, mwanaakiolojia, pamoja na Helen Brown, mtaalamu wa sarafu za Kiislamu wa jumba la Ashmolean huko Oxford, na Andrew Oddy wa British Museum.

Dinari za dhahabu zilikuwa za kigeni, nyingi kati yake za makhalifa Wafatimi wa Misri, na hizo zina mwaka. Ya mwisho kabisa ilipigwa mwaka 1066. Kwa kuwa hazina ilizikwa pamoja, sarafu za fedha zisizo na mwaka nazo ni za kipindi hicho, karne ya 11.

Sarafu hizo za fedha hazikutoka ng'ambo. Ni ndogo sana, zina majina ya watawala kadhaa wa pwani, na zina mtindo uleule wa vina. Miongoni mwa majina hayo limo la Ali bin al-Hasan.

Ugunduzi huo ulivunja hoja ya mwaka 1200. Mtawala mwenye jina hilo alikuwa tayari ametoa sarafu za fedha zaidi ya miaka mia moja kabla. Tarehe iliyotajwa na Barros, ambayo wengi waliiweka kando, ikaonekana kuwa karibu na ukweli kuliko zote. Sababu ya Chittick kupata tarehe ya baadaye ni ileile iliyotajwa juu: sarafu ya shaba iliyodumu sokoni muda mrefu huonekana kwa wingi katika matabaka ya baadaye.

Lakini hazina hiyo ilizua swali jipya. Je, Ali wa sarafu za fedha za Pemba na Ali wa sarafu za shaba za Kilwa ni mtu mmoja? Majina Ali na Hasan ni ya kawaida. Wanaokubali wanataja mtindo mmoja wa maandishi na vina, pia karne inayolingana na tarikh. Baadhi yao wanafikiri kwamba Ali au ukoo wake ulikuwa na makao Pemba kabla ya kushika Kilwa, jambo linaloweza kueleza kwa nini tarikh inaitaja Pemba kati ya vituo vya majahazi saba. Wanaosita wanasema kwamba Mtambwe ulikuwa mji wenye sultani wake. Mwanajiografia Yaqut aliutaja katika karne ya 13 kama mji wa namna hiyo, ambao sultani wake alidai asili ya Kufa, si Shiraz. Kulinganisha mihuri ya sarafu za fedha na ya zile za shaba ni mojawapo ya njia za kulikabili swali hili.

Huko Shanga, katika visiwa vya Lamu nchini Kenya, Horton alipata sarafu nyingine za fedha zilizopigwa pwani, ambazo ni za zamani zaidi kuliko hazina ya Mtambwe. Kwa hiyo Ali hakuwa mtawala wa kwanza wa pwani kutoa fedha yake. Alirithi desturi iliyokuwepo na kuipeleka kusini.

## Swali la asili ya Washirazi

Maisha ya Ali yamekuwa kiini cha mabishano makubwa zaidi: nani alianzisha miji ya Waswahili? Waandishi wengi wa wakati wa ukoloni waliyatazama magofu ya Kilwa kama kazi ya Waajemi na Waarabu waliohamia, na hadithi ya Ali ilitumiwa kuwa ushahidi. Baada ya uhuru, utafiti wa akiolojia na wa lugha ulionyesha kwamba miji hiyo ilikua kutoka vijiji vya Waafrika wenyeji wenye kusema lugha ya Kibantu, wakivua, wakilima na kufanya biashara. Wanahistoria kama Thomas Spear na James de Vere Allen waliona kwamba jina la Shirazi lilikuwa zaidi njia ya koo za pwani kudai heshima na ukale katika Uislamu.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa DNA ya watu 80 waliozikwa pwani na bara ya Afrika ya Mashariki, zikiwemo Kilwa na Songo Mnara. Ilionekana kwamba wengi wa waliozikwa katika miji ya pwani walikuwa na asili ya Kiafrika hasa kwa upande wa akina mama, na asili ya Kiajemi kwa upande wa baadhi ya akina baba, na kwamba mchanganyiko huo ulianza karibu na mwaka 1000. Tarehe hiyo inakaribiana na ile ya Barros na ya hazina ya Mtambwe.

Matokeo hayo hayathibitishi kwamba Ali alikuja kwa majahazi saba wala kwamba alizungusha nguo kisiwani. Yanaonyesha kwamba kumbukumbu ya wazee wa Kilwa kuhusu wageni wachache kutoka Uajemi walioingia katika jamii ya wenyeji haikuwa uzushi mtupu. Wala hayaondoi sehemu ya Waafrika katika ujenzi wa miji hiyo: lugha, mama zao, mashamba na wengi wa wakazi walikuwa wa hapo hapo, kama vile tarikh yenyewe inavyokiri inapomtaja Muriri wa Bari na msikiti wake.

## Urithi

Ukoo ulioanza na Ali ulitawala Kilwa hadi mwishoni mwa karne ya 13, ulipofuatwa na ukoo wa Mahdali. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 1981.

Sarafu za Kilwa zimepatikana mbali na pwani. Moja ya al-Hasan bin Sulaiman ilichimbuliwa Great Zimbabwe, na tano za aina ya Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, ingawa jinsi zilivyofika huko bado inajadiliwa.

Sarafu ya zamani inapoteza sehemu kubwa ya maana yake ikiondolewa mahali ilipolala bila kuandikwa habari zake. Hazina ya Mtambwe iliweza kumrudisha Ali katika karne yake kwa sababu fedha na dhahabu zilionekana pamoja. Kama dinari zingeuzwa peke yake kwa sonara na vipande vya fedha kutawanywa, majina yangebaki, lakini wakati wake ungeendelea kuhesabiwa karibu na mwaka 1200.